Hupewi Kazi? Ndiyo Fildi Yenyewe

Kuanzia Julai, vyuo vya uhandisi vinapofunga, wanafunzi hutawanyika nchi nzima na barua ya utambulisho mkononi, buti mpya mguuni na kofia ngumu iliyonunuliwa Kariakoo. Chuo kinayaita mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanasema fildi. Wanaobahatika kupokelewa kwenye vituo vya kufua umeme huonewa wivu na wenzao. Ngoja wiki ya tatu ifike, kisha wapigie simu. "Tunakaa tu," watakwambia. "Hawatupi kazi."

Malalamiko hayo nimeyasikia kwa miaka mingi, kwanza nikiwa miongoni mwa wanaolalamika, baadaye miongoni mwa wanaolalamikiwa. Leo nataka kuyajibu. Anayekwenda gereji atapewa spana siku ya kwanza, kwa sababu akikaza nati vibaya fundi atakuja kuikaza upya na maisha yataendelea. Kwenye kituo cha umeme mambo si hivyo. Jenereta moja ya Kidatu ina uwezo wa megawati 51, na umeme wake unasafirishwa kwa msongo wa kilovoti 220. Hakuna mkuu wa zamu mwenye akili timamu atakayempa kijana wa mwaka wa pili swichi aibonyeze ili ajifunze. Asipokupa, hajakudharau. Amekulinda wewe, ameulinda mtambo, na amewalinda watu walioko mbali wanaotaka kupiga pasi waende kazini.

Tena kituo kinachoendeshwa vizuri hakina vituko. Siku njema ni ile ambayo opereta anaandika namba zinazofanana saa baada ya saa tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyekuja akitarajia cheche na mafundi wanaokimbia huku na huku ataona pale hapana kitu. Lakini kazi ya mwanafunzi kwenye umeme ni kufuata: kufuata maji au gesi inavyoingia, umeme unavyotoka, namba zinavyopanda na kushuka, na kila mara kujiuliza kwa nini. Kazi hiyo hakuna atakayekupa, wala hakuna awezaye kukunyima.

Tuanze na mahali pa kwenda. Wengi huomba Dar es Salaam: Ubungo au Kinyerezi. Sababu naielewa, shangazi yuko Tabata na chumba ni cha bure. Matokeo yake ni wanafunzi kumi kumfuata fundi mmoja kama foleni ya mwendokasi, wa mbele anaona bolti, wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Ningekuwa mwanafunzi leo ningeomba vituo vya mtoni. Fuata mto Pangani: juu kuna Nyumba ya Mungu, megawati 8 tu, chini yake Hale, megawati 21, kituo kilichoanza kazi 1964, halafu New Pangani Falls, megawati 68, cha mwaka 1995. Maji ni yaleyale, yanapita kituo hadi kituo na kila kimoja kinayatoza ushuru wake kabla hayajafika baharini. Au fuata Ruaha Mkuu: Mtera ina megawati 80, maji yakitoka hapo yanashuka Kidatu yenye megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kukutana na bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Hata maji ya kituo cha Kihansi, yakishapita mto Kilombero, mwisho wake ni bwawa hilohilo. Mwanafunzi akiliona hili kwenye ramani kabla hajafika kituoni, ameshajua kwamba anayefungua maji Mtera anampangia kazi mtu wa Kidatu.

Kwa maoni yangu, na najua wenzangu wengine watanibishia, kituo kidogo na kikongwe humfundisha mwanafunzi kuliko kipya na kikubwa. Katika kituo kikongwe geji ina mshale unaouona ukitikisika, bomba la mafuta ya bearingi liko wazi, na mtu mmoja ndiye anayesoma namba, anayepaka grisi na anayeandika kitabu cha zamu. Katika kituo kipya vyote hivyo vimeingia nyuma ya skrini. Bwawa la Nyerere nenda kalione, omba hata ziara ya siku moja, maana turbaini ya ukubwa ule si kitu cha kusimuliwa. Ila wiki zako nane au kumi zipeleke mahali ambapo wafanyakazi ni wachache kiasi cha kulijua jina lako.

Barua itume Januari au Februari. Juni watu wameshajaa, na aliyejibu barua za wote hana tena nafasi wala subira. Taja kozi, mwaka wa masomo, tarehe za kuanza na kumaliza, kisha ongeza sentensi moja ya unachotaka kujifunza. Barua nyingi zinasema "naomba nafasi ya fildi katika ofisi yako", na zote zinafanana. Ile inayosema "ningependa kujifunza mfumo wa kupoza jenereta" inasomwa mara mbili, na mara nyingi inapelekwa moja kwa moja kwa mhandisi wa jenereta. Kama una mjomba ndani ya shirika la umeme, mtumie kwa jambo moja: akwambie barua iende kwa nani. Akikuingiza kwa mlango wa nyuma, utakaa fildi nzima ukiitwa "mtoto wa fulani", na hakuna fundi anayemkosoa mtoto wa fulani.

Kuhusu pesa, usidhani. Vituo vingine hutoa posho ndogo, vingine havitoi hata nauli. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wana fungu la mafunzo kwa vitendo. Wasio nalo waulize mapema kama kuna nyumba za wafanyakazi zenye chumba cha wageni, au mama lishe aliye jirani na geti. Vituo vya maji vingi viko porini, na usafiri wa kwenda mjini ni gari la wafanyakazi linaloondoka saa yake bila kumsubiri mtu. Uliza pia, kwa maandishi, nani anakukatia bima ukiumia.

Sasa umefika. Kabla ya mitambo kuna watu, na watu wana ngazi. Fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi ni vyeo vitatu tofauti, na mwanafunzi wa shahada huwa na kishawishi cha kumtafuta mhandisi peke yake kwa kuwa ndiye anayefanana na ndoto zake. Mhandisi anashinda kwenye vikao na barua za manunuzi. Anayejua kwamba mashine namba 2 huguna ikifika megawati 30 ni fundi mchundo aliyekaa nayo miaka ishirini, na yeye hasomi hotuba zako za chuo, anasikiliza salamu yako. "Shikamoo fundi" inafungua milango ambayo GPA ya 4.5 haifungui. Kijana aliyemwambia mzee wa miaka hamsini na tano "mambo vipi" asishangae akitumwa kufagia yadi ya transfoma mpaka Ijumaa. Na ukitumwa kufagia, fagia. Ila ukiwa pale, tazama kokoto unazozifagia na ujiulize kwa nini yadi nzima imemwagwa kokoto badala ya kupandwa nyasi. Sababu mojawapo ni usalama: hitilafu ikitokea na mkondo mkubwa ukiingia ardhini, tabaka la mawe makavu huongeza ukinzani kati ya mguu wako na udongo. Hilo ni somo zima la uhandisi wa ethi, na umelipata na ufagio mkononi.

Usalama nitausema kwa ukali kidogo. Hudhuria mafunzo ya usalama ya siku ya kwanza hata kama unaambiwa "tutafanya kesho"; mpaka yafanyike, kaa ofisini. Jifunze kibali cha kazi kinavyotembea: nani anakiomba, nani anazima mtambo, nani anafunga kufuli, nani anapima kuhakikisha hakuna umeme, nani anaweka ethi, na kibali kinarudishwaje kazi ikiisha. Mpangilio huo uandike kwa mkono wako, maana siku moja utausaini wewe. Laini iliyozimwa si laini iliyokufa: ikipita sambamba na nyingine iliyo hai huingiwa na umeme bila kuguswa, ndiyo maana mafundi huifunga ethi kabla ya kuishika. Zile transfoma ndogo za kupimia mkondo, waya zake za upande wa pili ukizifungua mtambo ukiwa unazunguka, voti hupanda kiasi cha kuua mtu. Mtu yeyote, hata awe na cheo gani, akikwambia "shika hapa, haina kitu" bila wewe kuona kufuli na ethi, jibu ni "samahani bosi, naomba nione kibali kwanza." Atakununia. Na anune.

Viziba masikio vaa. Simu iache mfukoni. Vituo vya umeme ni maeneo yanayolindwa, na picha yoyote iombwe ruhusa kwa msimamizi. Nimeona kijana mzuri akirudishwa chuoni kwa sababu ya picha moja aliyoiweka kwenye statasi.

Kwa mabinti, na kwa wavulana pia: msimamizi anayetaka kukutana nawe nje ya kazi ili "akusainie vizuri" anaomba rushwa ya ngono, na sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu kuwa kosa la jinai. Hifadhi ujumbe, mwambie mwalimu wako wa fildi siku ileile, na TAKUKURU wana ofisi wilayani. Hakuna alama ya fildi inayostahili kulipiwa kwa namna hiyo.

Wiki ya kwanza tafuta karatasi moja tu: mchoro wa njia moja wa kituo kizima, ule unaoonyesha kila jenereta, transfoma, sakiti breka na laini kwa mistari michache. Ukipewa, usiutie kwenye begi. Uchore upya kwa penseli, kisha uchukue nakala yako ukatembee nayo. Simama mbele ya kila kifaa kilichochorwa, soma kibati chake, andika voti, ampea, mwaka wa kutengenezwa, aina ya upozaji. Utagundua vitu viwili. Kwanza, mchoro na uhalisia vinatofautiana mahali fulani, kwa sababu kituo kimebadilishwa na mchoro haukubadilishwa. Kila tofauti utakayoipata ni swali halali la kumpelekea mhandisi, na yeye atafurahi kwa kuwa hajapata muda wa kulitafuta. Pili, vibati vinazungumza na hesabu za darasani. Kibati kikisema jenereta inazunguka mara 375 kwa dakika, na gridi yetu ni hertzi 50, basi jenereta hiyo ina poli 16. Zihesabu kwenye rota siku mtambo ukifunguliwa kwa matengenezo.

Hapo ndipo penye utamu wa fildi ya mtoni, na nitakaa hapa kidogo. Kila mwanafunzi wa uhandisi anajua kwamba nguvu ya maji ni uzito wake, mara kiasi kinachopita kwa sekunde, mara kimo cha kuanguka, mara ufanisi wa mtambo. Anajua kwa mtihani. Sasa achukue Kidatu na Kihansi. Kidatu maji yanashuka kimo cha mita 175 hivi. Tukichukulia ufanisi wa asilimia 90, kila meta moja ya ujazo inayopita kwa sekunde inatoa megawati 1.5. Kihansi kimo ni mita 850 hivi, kwa hiyo meta hiyohiyo ya ujazo inatoa megawati 7.5. Ndiyo maana Kihansi inafua megawati 180 kwa maji ya meta 24 tu kwa sekunde, ilhali Kidatu inahitaji zaidi ya 130 ili ifikishe 204 zake. Ndiyo maana pia turbaini zao hazifanani. Kidatu ni za Francis, zinazozamishwa ndani ya maji mengi yenye shinikizo la wastani. Kihansi ni za Pelton, ambazo maji machache yenye shinikizo kubwa mno hurushwa kwenye vikombe vya gurudumu. Mwanafunzi akiyafanya mahesabu haya akiwa amesimama juu ya mtambo wenyewe, anausikia unavyovuma chini ya buti zake, hatayasahau.

Na asiishie hapo. Kihansi kuna maji ambayo hayapiti kwenye turbaini kabisa, yanaachwa yashuke korongoni. Kwa nini mtu aache megawati 7.5 kwa kila meta ya ujazo? Kwa sababu ya chura. Kituo kilipoyachukua maji ya maporomoko, ukungu uliokuwa ukililowesha korongo ulikauka, na chura mdogo wa Kihansi ambaye hapatikani penginepo duniani akatoweka porini. 2009 alitangazwa rasmi kuwa hayupo tena katika makazi yake. Wengine walikuwa wameshapelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, korongoni pakatandazwa mabomba ya kunyunyiza ukungu wa bandia, na baadaye chura wakarudishwa. Kila tone la ukungu ule lina bei kwa kilowati, na anayepanga bei hiyo anakaa meza moja na mwanabiolojia. Sijawahi kuona ripoti ya fildi iliyoipiga hesabu hiyo. Ningeisoma mpaka mwisho.

Walioko Mtera wana hesabu nyingine. Pale namba inayotawala maisha ni kina cha bwawa: likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia ni 690. Umbali wote kati ya neema na mgao wa umeme ni mita 8.5. Fildi inaangukia katikati ya kiangazi, bwawa likishuka siku hadi siku, kwa hiyo mwanafunzi akiandika kina kila asubuhi na megawati za siku hiyo, kufikia Septemba ana mchoro wa mkononi unaoonyesha maji yanavyogeuka uniti. Aulize pia nani mwingine anayatumia maji ya juu, wakulima wa mpunga wa Usangu wakiwemo. Mhandisi wa umeme asiyejua habari za mpunga hawezi kulielewa bwawa lake.

Gesi nayo ina mambo yake. Kinyerezi I ina megawati 150 na inarusha moshi wake wa moto hewani; Kinyerezi II, megawati 240, inauchukua moshi wa turbaini za gesi na kuchemshia maji, mvuke ukazungusha turbaini nyingine bila kuongeza gesi. Vituo viwili jirani, gesi moja ya bomba, ufanisi tofauti kabisa: utapata wapi maabara kama hiyo? Lakini kama ni mwaka wako wa kwanza na hilo limekuzidi, kuna swali dogo zaidi. Omba rekodi za zamu za wiki moja, utazame turbaini ya gesi inatoa megawati ngapi saa kumi alfajiri na ngapi saa nane mchana ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Mchana itatoa kidogo kuliko alfajiri. Hewa ya Dar es Salaam ya mchana ni ya moto na nyepesi, na turbaini ya gesi inaishi kwa uzito wa hewa inayoivuta. Halafu kamuulize mtu wa matengenezo kuhusu vichujio vya hewa na vumbi, utakuwa umepata ripoti yako.

Wasomaji wa Kenya, ambako fildi inaitwa atachi, mna nafasi ambayo sisi hatuna: mvuke wa ardhini Olkaria, ambako umeme umekuwa ukifuliwa tangu 1981. Huko "mafuta" ya kituo yanatoka kisimani, na kisima hubadilika miaka inavyokwenda. Madini yaliyoyeyuka ndani ya maji ya moto hugandamana kwenye mabomba yakipoa. Fuata kisima kimoja, shinikizo lake la mwaka juzi, la mwaka jana na la leo, badala ya kukimbilia turbaini.

Popote ulipo, omba angalau zamu chache za usiku. Saa za ofisi zinakuonyesha kituo kikiwa kimevaa suti. Umeme wenyewe una kilele chake kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne hivi, watu wakiwasha taa, televisheni na majiko. Kaa nyuma ya opereta, kimya, utazame frikwensi. Mzigo ukiongezeka ghafla, jenereta zote za gridi hupungua kasi kidogo kwa pamoja, namba inashuka chini ya 50, na gavana za mitambo zinafungua maji au gesi zaidi kuirudisha. Simu ya kituo cha kudhibiti gridi inalia: ongeza megawati kumi. Opereta anaongeza huku anakunywa chai. Somo la udhibiti wa mifumo ulilolilia usiku wa mtihani linatokea hapo mbele yako, kwa sindano na simu ya mezani. Opereta akichoka kimya chako ataanza kukusimulia mwenyewe kuhusu siku gridi nzima ilipozimika na kituo kikawashwa tena kutoka gizani. Hadithi hiyo iandike yote, na tarehe zake.

Ukitoka kwenye mitambo, pitia stoo. Wanafunzi huidharau stoo kwa sababu haina kelele. Mwombe mtunza stoo akuonyeshe kipuri kimoja kilichosubiriwa kwa miezi: barua ya kwanza, zabuni, meli, bandari, mpaka kikafika kikiwa na namba isiyo sahihi. Sehemu kubwa ya uhandisi wa nchi zetu iko kwenye karatasi hizo, na chuo hakina somo lake.

Yote haya yatapotea usipoandika. Kitabu cha fildi wengi hukijaza Alhamisi jioni kwa kumbukumbu, nacho husomeka hivi: "Leo tulijifunza kuhusu transfoma na faida zake." Msimamizi anasaini, mwalimu anasaini, na hakuna aliyejifunza chochote. Linganisha na maandishi ya namna hii: "Transfoma T2, mafuta nyuzi 48 saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 62 saa tisa alasiri, mzigo karibu uleule. Feni ya pili haizunguki. Chembe za silika kwenye kipumulio zimegeuka pinki, fundi anasema zimelowa, zibadilishwe. Swali: joto limetokana na jua au feni?" Mistari minne, na mwandishi wake ameshakuwa mhandisi mdogo. Andika namba, saa, jina la kifaa na swali. Mchoro wa penseli uliopinda unashinda picha iliyonakiliwa kutoka mtandaoni. Na kitabu kiandikwe pale pale yadini, kipate doa la grisi, isiwe nakala safi ya nyumbani.

Kufikia wiki ya nne chagua swali moja kati ya hayo na ulishikilie. Feni ya T2, ukungu wa Kihansi, megawati za alfajiri na mchana, tofauti ya mchoro na yadi: lolote, mradi linaweza kujibiwa kwa namba zilizopo kituoni. Mwambie msimamizi wako mapema, kwa sababu akijua unatafuta nini ataanza kukuita namba zinapotokea. Hapo ndipo yale malalamiko ya kutopewa kazi huisha bila mtu kuyajibu. Hukupewa kazi, umeipata, na sasa mafundi ndio wanaokuuliza umefikia wapi.

Ripoti usiianze kwa kurasa kumi za historia ya shirika na chati ya uongozi. Walimu wameshaisoma historia hiyo mara nyingi kuliko mkurugenzi mwenyewe. Ukurasa mmoja unatosha kusema uko wapi, kisha ingia kwenye swali lako, jinsi ulivyolifuata, namba ulizopata, na usichoweza kukithibitisha. Msimamizi aisome kabla ya chuo, maana kuna namba za kituo ambazo hazipaswi kutoka nje, na ni aibu kugundua hilo ukiwa umesimama mbele ya darasa.

Nakala moja ya ripoti ipeleke kituoni, kwa fundi aliyekufundisha si kwa mkuu wa idara peke yake, na uandike jina lake kwenye ukurasa wa shukrani kwa usahihi. Ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakutaka ufanye kazi chini ya usimamizi, na mpango wake wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu ni wa miaka mitatu. Utahitaji kituo cha kukupokea na mhandisi aliyesajiliwa wa kukusimamia. Maombi yanapofika mezani, mkuu wa kituo huwa anamwita fundi wa zamu na kumuuliza: huyu ndiye yule aliyekuwa anapima T2?